Shabu mkunjoni: Kwa nini vyeti vya zamani vya Garissa vinakatika

Karatasi ndiyo inayomtambulisha Msomali wa Kenya mbele ya serikali. Lakini karatasi nyingi zilizobeba historia ya kaskazini mashariki ziliwekewa kiwandani kitu kinachozila polepole kutoka ndani.

Barua ilitoka ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, imefungwa kwa kipande cha leso. Ayeyo, yaani bibi kwa Kisomali, ndiye aliyeifungua mwenyewe juu ya kaunta ya kibanda cha fotokopi mjini Garissa, kwa ncha za vidole, huku mjukuu wake wa miaka 18 akisimama nyuma yake.

Ilikuwa barua ya kazi ya marehemu mumewe, kibarua wa barabara za serikali miaka ya 1960. Ilikuwa imekunjwa mara mbili tangu enzi hizo. Alipoikunjua haikuwa barua moja tena, ilikuwa vipande vinne.

Hakuna aliyeirarua. Haikuguswa na mchwa wala haikunyeshewa. Kingo zake zilikuwa za rangi ya chai ya rangi, muhuri wa zambarau umepauka hadi kuonekana kama doa, na mahali pa mikunjo karatasi ilikatika kama biskuti.

Kijana wa kibanda alivipanga vile vipande juu ya kioo cha mashine, kimoja baada ya kingine, akihakikisha mistari ya maandishi inakutana. Alifanya hivyo kwa utulivu wa mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi.

Nilichotumwa kuandika ni makala ya kemikali zinazotiwa kwenye karatasi. Nilidhani ni habari ya viwandani, mbali na hapa. Kumbe jibu lilikuwa pale kauntani, vipande vinne.

Si mti peke yake

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba karatasi ni mti uliosagwa. Ni kweli, ila ni nusu ya maelezo. Nyuzi za mti zikichanganywa na maji, zikatandazwa kwenye wavu, zikakamuliwa na kukaushwa, utapata kitu kinachonyonya wino kama sifongo. Ukiandika herufi, inatanuka na kuwa doa.

Ndiyo maana mafundi wa karatasi, tangu zamani, hutia vitu vingine. Wapo wanaotia wanga ili karatasi iwe ngumu. Hutiwa chaki au udongo mweupe ili iwe laini na isipitishe mwanga. Hutiwa dawa ya kuzuia isinywe wino. Hutiwa pia rangi za kuing'arisha, dawa za kuua ukungu, dawa za kutuliza povu, na dawa za kuzishika chembe ndogondogo zisiponyoke na maji.

Unaweza kuviona kwa macho. Nilinunua tincha ya ayodini kwenye duka la dawa, nikadondosha tone moja juu ya karatasi ya kawaida ya printa. Tone la hudhurungi liligeuka samawati iliyoiva hadi karibu na weusi, rangi ileile ambayo kila aliyesoma sayansi ya shule ya msingi anaikumbuka kwenye ugali au kiazi. Huo ni wanga.

Kisha nilichoma karatasi nyingine ndani ya sufuria. Ilibaki na umbo lake, jivu la kijivu lenye mistari. Nilipolidondoshea siki, lilitoa vipovu vidogo. Hiyo ni chaki. Rimu ya karatasi 500 za kawaida ina uzito wa takriban kilo mbili na nusu, na nusu kilo ya uzito huo yaweza kuwa chaki.

Jaribio la tatu halina gharama. Omba kwenye duka la M-Pesa lenye taa ya kukagua noti, uiweke karatasi ya printa chini yake. Itawaka samawati kama shati jeupe kwenye disko, kwa sababu imetiwa kemikali ya kung'arisha. Noti halali haiwaki hivyo. Karatasi yake ni ya pamba isiyotiwa kitu hicho, na zinazong'aa ni nyuzi na alama zilizowekwa makusudi. Taa ile inamkamata mwenye noti bandia kwa kutambua kiungo kimoja tu cha karatasi.

> *Nusu kilo ya kila rimu yaweza kuwa chaki. Na ni chaki hiyohiyo inayoipa karatasi maisha marefu.*

Kosa la mwaka 1807

Tuirudie barua ya ayeyo. Iliyoikata ni dawa ya kuzuia wino usisambae.

Watengenezaji karatasi wa ulimwengu wa Kiislamu, walioanza kazi hiyo Samarkand na Baghdad katika karne ya 8, walitumia wanga wa ngano au wa mchele, kisha wakaisugua karatasi kwa jiwe laini hadi ikang'aa. Neno lenyewe karatasi tulilipata kutoka kwa Kiarabu. Wazungu wakaja kutumia gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na kwato za wanyama, wakiichovya karatasi moja moja. Kazi ilikuwa nzuri, lakini ya taratibu.

Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alichapisha njia ya mkato. Alichanganya ulimbo wa misonobari na shabu ndani ya rojo lenyewe la nyuzi, kabla karatasi haijawa karatasi. Shabu iliushika ulimbo na kuugandisha kwenye nyuzi. Hakukuwa tena na haja ya kuchovya. Mashine za karatasi zilipoenea, njia ya Illig ilienea nazo, na kwa zaidi ya miaka 150 ndiyo iliyotengeneza sehemu kubwa ya karatasi za kuandikia duniani: vitabu, mafaili ya wakoloni, barua za kazi, kadi za kliniki.

Shabu tunaijua. Vinyozi huipaka kidevuni baada ya wembe. Nduguye wa viwandani, salfeti ya alumini, ndiyo inayotiwa kwenye mitambo ya maji ili tope la mto lizame chini. Haina ubaya wowote machoni. Lakini ndani ya karatasi, ikikutana na unyevu wa hewa, huzaa tindikali. Tindikali hiyo hukata minyororo ya selulosi, yaani uti wa mgongo wa kila uzi, kiungo baada ya kiungo, mwaka baada ya mwaka. Nyuzi zinakuwa fupi. Karatasi haipungui unene wala haibadiliki sana kwa nje, ila imeisha nguvu. Siku utakapoikunja ndipo utakapojua.

William Barrow, mhifadhi nyaraka wa jimbo la Virginia huko Marekani, ndiye aliyelisukuma jambo hili mbele ya ulimwengu miaka ya 1950, alipopima vitabu vya nusu ya kwanza ya karne ya 20 na kukuta vingi vinakaribia kuvunjika, ilhali vitabu vya karne nyingi nyuma bado vinakunjika.

Sasa ongeza jua la Garissa. Wahifadhi hukadiria kwamba kila joto likipanda kwa nyuzi tano hivi, maisha ya karatasi yenye tindikali hupungua kwa nusu. Wastani wa joto la Nairobi kwa mwaka ni takriban nyuzi 19, wa Garissa ni takriban 29. Maana yake barua mbili zilizotoka rimu moja mwaka 1965, moja ikahifadhiwa Nairobi na nyingine Garissa, hazina umri mmoja leo. Ya Garissa imezeeka kama mara nne zaidi.

Ukavu wa nyika hupunguza kasi ya tindikali kidogo, ni kweli. Lakini huiondolea karatasi ulaini, na mkunjo ndio unaolipa.

Hapa karatasi ni nasaba

Kwingine Kenya, barua ya zamani ya babu ni kumbukumbu ya familia. Huku Garissa, Wajir na Mandera, barua hiyo ni ushahidi.

Mnamo Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wakaguliwe upya ili kuthibitisha uraia wao. Waliopita walipewa kadi ya rangi ya waridi. Watu walipanga foleni na chochote walichokuwa nacho cha maandishi: cheti cha kuzaliwa, risiti ya kodi, barua ya mwajiri, hati ya kuachishwa kazi. Asiyekuwa na karatasi alitegemea ulimi wa wazee.

Ukaguzi wa namna ya pekee kwa vijana wa kaunti za mpakani uliendelea kwa miaka mingi baadaye. Wakati mwenzake wa Nyeri au Kisumu alikuwa akienda na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, kijana wa huku alikaa mbele ya kamati, akiulizwa ukoo wake, chifu wake, babu yake alizikwa wapi. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuuondoa ukaguzi huo wa ziada. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini hati za msingi bado zinahitajika. Mtoto aliyezaliwa malishoni, mbali na hospitali, bila kadi ya kliniki, ambaye mzazi wake mmoja alifariki kabla ya kupata kitambulisho, bado anarudishwa kwenye mkebe wa maziwa. Wanawake wa Kenya walianza kusajiliwa kwa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970 tu, kwa hiyo kwa familia nyingi karatasi ya zamani kuliko zote ni ya babu, na ni ya miongo ileile ya shabu na ulimbo.

Ndiyo sababu ninalichukulia jambo hili kuwa zito. Tunazungumza sana juu ya maafisa wakali na sheria mbaya. Hatujazungumza juu ya karatasi yenyewe, shahidi anayekufa akiwa ndani ya mkebe.

> *Barua mbili za rimu moja ya 1965, moja Nairobi na moja Garissa, hazina umri mmoja leo.*

Nani alipe karatasi bora?

Dawa ilipatikana zamani. Miaka ya 1950 wanakemia wa Marekani walileta kiungo kiitwacho AKD, kinachozuia wino bila kuhitaji shabu wala tindikali. Miaka ya 1970 kikafuata kingine kiitwacho ASA. Viwanda vya Ulaya vikahama, na kufikia miaka ya 1990 vya Amerika Kaskazini navyo vikafuata.

Ukweli ni kwamba havikuhama kwa kuonea huruma nyaraka. Vilihama kwa sababu chaki ni rahisi kuliko nyuzi za mti, na chaki haikai pamoja na tindikali: hutoa povu na kuyeyuka. Ukiondoa shabu, unaweza kujaza chaki. Bahati njema ni kwamba chaki hiyohiyo hubaki ndani ya karatasi kama akiba, ikiimeza kila tindikali inayojitokeza. Faida ya mwenye kiwanda ikawa uhai wa karatasi.

Mwaka 1994 shirika la kimataifa la viwango lilitoa ISO 9706, kipimo cha karatasi ya kudumu. Kinataka karatasi isiwe na tindikali, iwe na akiba ya angalau asilimia 2 ya chaki au mfano wake, na isiwe na mabaki mengi ya ile gundi ya asili ya mti inayoifanya karatasi ya gazeti kugeuka manjano juani.

Hapo ndipo pande zinapokinzana. Upande mmoja yuko afisa ununuzi, mwenye bajeti ya kaunti na orodha ndefu. Anataka rimu ya bei ya chini, na hana kosa, pesa ni za umma. Upande wa pili yuko mhifadhi nyaraka, anayejua kwamba cheti cha kuzaliwa kinachotolewa leo kitaulizwa mwaka 2090, na kwamba tofauti ya bei kwa cheti kimoja ni ndogo mno kulinganisha na safari moja tu ya kurudishwa nyumbani kutoka Garissa hadi Dadaab.

Yuko na wa tatu, mwanamazingira, na hoja yake haipuuziki. Kenya ilikuwa na kiwanda chake kikubwa cha karatasi huko Webuye, Pan African Paper Mills, kilichoanza kuzalisha mwaka 1974 kando ya mto Nzoia na kufungwa mwaka 2009, kabla ya kuuzwa kwa kundi la Rai mwaka 2016. Wakazi wa Webuye wanakumbuka mishahara. Wanakumbuka pia harufu ya salfa, na mabati ya nyumba yaliyokuwa yakitoboka kabla ya wakati wake. Kemikali za karatasi haziishii kwenye karatasi.

Leo karatasi nyingi za kuandikia na kuchapia tunazotumia zinatoka nje ya nchi. Nyingi ni za chaki, kwa hiyo hali si mbaya kama ya zamani. Lakini kununua kwa bahati si kununua kwa sera. Zabuni ya karatasi za vyeti inaweza kutaja uzito, ukubwa na weupe. Mstari mmoja zaidi, wa kutaka karatasi ya kudumu, haungezidisha kurasa.

Na kuna karatasi mbaya kuliko zote, ambayo tunaipokea kila siku: risiti ya mashine. Haina wino. Imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikiguswa na joto. Iache juu ya dashibodi ya gari mchana wa Garissa na utaikuta imeiva weusi mzima. Iweke kwenye droo miaka michache, itakuwa nyeupe. Mfanyabiashara anayetunza risiti kwa ajili ya mzozo wa kodi na azitoe fotokopi siku hiyohiyo.

Plastiki juu ya cheti

Kinga inayopendwa zaidi mjini ni laminesheni. Kila kibanda kinayo mashine, na cheti hutoka kikiwa moto, kinang'aa, kigumu kama sahani.

Wahifadhi nyaraka hawaipendi kabisa. Karatasi yenye tindikali ikifungiwa ndani ya plastiki inaendelea kujila, sasa bila njia ya kuitibu. Joto la mashine huiongezea uzee. Muhuri hauwezi kukaguliwa kwa kidole, na ofisi nyingine hukataa cheti kilichofungwa hivyo kwa kushuku kughushiwa. Tena haitoki, ukijaribu kuibandua unabandua maandishi.

Lakini mwambie hivyo mama wa Madogo, kando ya mto Tana. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, mto huo ulifurika, ukaikata barabara ya kuingia Garissa na kuingia majumbani. Karatasi ya kawaida ikilowa hupoteza karibu nguvu zake zote, kwa sababu maji yanafungua vifundo vinavyozishikanisha nyuzi. Noti ya shilingi mia moja hufuliwa ndani ya suruali na kutoka nzima kwa sababu imetengenezwa kwa pamba na kutiwa gundi maalumu ya kuhimili maji. Cheti cha kuzaliwa hakina gundi hiyo. Mama aliyeona vyeti vya jirani vikigeuka uji, huwezi kumlaumu kwa plastiki.

Ninavyoona, kila upande una haki kwa kitu chake. Nakala itiwe laminesheni. Ya asili ikunjuliwe, ilazwe bapa ndani ya bahasha safi kati ya karatasi mbili za printa, ambazo chaki yake itasaidia kuipoza tindikali, kisha bahasha iingie kwenye chombo cha kufunga kisichopitisha maji, mahali penye kivuli kuliko pote ndani ya nyumba. Jambo moja lisifanyike kamwe: kuikunja tena.

Wino wa duksi

Nilipotoka kibandani nilipita karibu na duksi, yaani madrasa ya Kurani. Watoto walikuwa wameketi chini, kila mmoja na loho yake ya mbao mapajani, wakisoma kwa sauti zinazopandana.

Wino wa loho ni makaa yaliyosagwa, maji na gundi ya mgunga. Gundi hiyo, xabag kwa Kisomali, hutoka yenyewe kwenye gome la mti wakati wa ukavu, matone ya rangi ya asali, na wachungaji na kina mama huiokota katika nyika za Garissa, Wajir na Mandera na kuiuza kwa wachuuzi. Kazi yake ndani ya wino ni kuzishika chembe za makaa zisizame, na kuzibandika zisipeperuke. Somo likishahifadhiwa, maji huiyeyusha gundi na loho huwa tayari kwa somo jipya.

Gundi ya aina hiyo husafiri mbali. Ndiyo iliyokuwa nyuma ya stempu tulizokuwa tukilamba. Mabamba ya alumini yanayochapa magazeti hupakwa gundi hiyo ili wino ushike kwenye herufi tu, sehemu nyingine zibaki safi. Watu wa kaskazini mashariki wamekuwa ndani ya kemia ya maandishi muda wote, bila mtu kuwaambia.

Na makaa hayapauki. Jua haliyawezi, tindikali haiyawezi. Muhuri wa ofisi, ambao ni rangi ya kuyeyuka tu, unapauka kwa miaka. Maandishi ya makaa yanabaki hadi karatasi yenyewe iishe. Unga mweusi wa fotokopi nao ni makaa, yaliyochanganywa na plastiki na kuyeyushiwa juu ya karatasi.

Kwa hiyo nakala iliyotoka kwenye mashine ya yule kijana, ikiwa na joto bado, ilikuwa na makaa kwa wino na chaki kwa mwili. Itadumu zaidi ya barua yenyewe, kwa miongo mingi. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inazikubali nakala zilizothibitishwa za hati za umma, na inaruhusu nakala pale hati ya asili ilipopotea au kuharibika. Kinachotakiwa ni ofisi ya usajili kukaa na kina ayeyo sasa, kabla vipande vinne havijawa nane, kunakili na kuthibitisha na kupiga muhuri.

Kijana hakutaka malipo kwa nakala ya kwanza. Ayeyo aliisukuma sarafu mpaka akaipokea. Mjukuu aliichukua nakala na kuishika kwa mikono miwili, nyeupe, nzima, mistari yote imekutana.

Ayeyo alivikusanya vile vipande vinne na kuvirudisha ndani ya leso. Kule wanakokwenda, alimwambia kijana, huwa wanaulizwa ya asili.